Somo: Kusoma kijiji cha watumwa kwenye shamba la miwa

Mfano wetu ni Seville, shamba la Waingereza huko St. Ann, kaskazini mwa Jamaika, alikochimba mwanaakiolojia Douglas Armstrong na wenzake.

Hatua ya 1. Anza na ramani. Tafuta jumba la bwana, kisha jiulize nani alimwona nani. Seville ilikuwa na vijiji viwili: cha kwanza kilikaa kwa safu, machoni pa jumba. Cha pili, cha mwishoni mwa karne ya 18, nyumba zilitawanyika.

Hatua ya 2. Weka gridi, chimba tabaka kwa tabaka, chekecha udongo wote. Hili mnalijua.

Hatua ya 3. Chimba uani! Wanafunzi wengi hung'ang'ania kuta, wakati nyumba ilikuwa ya kulala tu. Mapishi na maongezi yalikuwa nje, na ndiko kwenye majivu, mifupa ya samaki na vigae vya yabba, vyungu vya kienyeji. Seville hata wafu walizikwa uani. Mmoja alizikwa na bikari ya seremala. Daftari za shamba huandika jina, kazi na bei. Haziandiki kwamba kuna aliyeona fundi huyu asiondoke bila chombo chake.

Ukifikia mifupa ya mtu, simama. Wazao wapo, waulizwe kwanza.

Hatua ya 4. Tarehe. Tundu la kiko cha udongo mweupe lilizidi kuwa jembamba miaka ikienda. Pima kwa keekee, chuma cha kutobolea; ile inayoenea tunduni ndiyo kipimo: inchi 7/64 ni kama 1650–1680, 5/64 ni 1720–1750. Pima vipande vingi, kimoja hudanganya.

MASWALI

– Mwalimu, njia hii itafaa kwenye mikarafuu ya Pemba?
Kuchimba uani, ndiyo. Sarah Croucher amechimba shamba la karafuu kule Mgoli. Viko sahau: kipimo kile hakifai baada ya 1800 hivi, na mashamba ya karafuu ni ya karne ya 19. Tegemea vyungu na sahani za Ulaya.

– Sahani nzuri si za bwana?
Angalia ilikotoka, ndugu. Watumwa wa Jamaika walikuwa na vikonde vyao, wakiuza mazao sokoni Jumapili na kununua vyombo. Sahani iliyo kwenye jalala la kijiji ni ya kijiji.

– Keekee haitakwangua kiko?
Ingiza upande wa shina la keekee, usio na makali, na usizungushe.