SOMO: Kompyuta mpya uliyounga mwenyewe inaleta skrini ya bluu kila mara

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na bado linakuja. Naliandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

1. Skrini ikija, piga picha. Nataka neno la chini, mfano MEMORY_MANAGEMENT. "Imeandika kizungu kirefu" sio maelezo.

2. Zima, chomoa waya ukutani, toa RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) na kadi ya picha, rudisha mpaka zilie "ka!". Mashine iliyokuja kwa basi kutoka Kariakoo imetikiswa zaidi ya kilomita 1,000. Usiruke hapa.

3. RAM mbili kwenye sloti nne: madabodi (bodi kuu) nyingi zinataka sloti ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

4. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi, kabla Windows haijawaka), zima XMP, mpangilio unaoongeza kasi ya RAM (kwa prosesa za AMD zenye RAM za DDR5 inaitwa EXPO). Skrini ya bluu ikikoma, umeshajua pa kubana.

5. Pima RAM kwa MemTest86, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi. Hapa ndipo nilipoumia. Mimi nilitumia kipimo cha ndani ya Windows, mara moja, kikasema safi. Nikapiga Windows upya mara tatu! Kila ikikamilika inaharibika kwingine. Sikujua kwamba faili zinapita kwenye RAM kabla ya kuandikwa diski, kwa hiyo RAM mbovu inakuandikia Windows mbovu. MemTest86 ilikamata kosa mzunguko wa tatu, nilishakaribia kuikatisha nikalale. Iache imalize mizunguko yote minne. Kosa moja tu ni kosa. Likitokea, pima RAM moja moja, sloti ileile.
ONYO: usichomoe RAM umeme ukiwa umewaka. Na kazi zako za pekee usizitunze kwenye mashine hiyo mpaka ipone.

6. RAM safi? Angalia joto la prosesa, kisha draiva (programu zinazoendesha vifaa). Kusasisha BIOS kuwe mwisho, tena uwe na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa.

MASWALI

Wa Ujiji: Mkuu, yangu inaleta bluu, nifanyeje?
– Hatua ya 1.

Wa Ujiji: Fundi kasema nipige Windows tu.
– Piga. Ukifika ya tatu tutakuwa sawa.

Wa Tabora: Kaka, moja moja zote safi, zikikaa pamoja makosa. Kwa nini?
– Swali zuri sana hili. Kinachoendesha RAM kimo ndani ya prosesa, na mbili zinakilemea kuliko moja, hasa ukichanganya aina. Shusha kasi kidogo, mfano 3200 hadi 2933. Ikigoma, legeza skrubu za feni ya prosesa, uzikaze kwa kupishana pembe. Zikibana upande mmoja, prosesa haigusi vizuri pini za soketi. Lete majibu.

Wa Kasulu: WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR nikicheza gemu. RAM nimepima, somo lako halijanisaidia.
– Joto umepima? Hatua ya 6 ipo. Kagua pia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane, umeingia wote? Na kama uliongeza kasi ya prosesa, irudishe.

Wa Ujiji: Flashi ya GB 2 inatosha kwa MemTest86?
– Inatosha, ila inafutwa yote. Hamisha picha za harusi kwanza.

Wa Tabora: Zimetulia kwenye 2933, asante kaka. Nyingine naituma kwa basi, nifungeje?
– Safi! Toa kadi ya picha, ifunge peke yake na sponji. Na mwambie kondakta isikae chini ya madumu ya mawese. Moja ilinifikia inanukia futari.