Kabla ya Kupinga Nyongeza ya Kodi ya Duka: Mambo ya Kuzingatia

Mpangaji wa duka nchini Kenya anapoambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itapanda, tuseme kutoka shilingi 15,000 hadi 22,000, kinachomuuma kwanza ni ukubwa wa nyongeza yenyewe. Uchungu huo unaeleweka, lakini swali la kiasi huja baadaye. La kwanza ni kama nyongeza imemfikia kwa njia inayotambuliwa na sheria, kwa sababu nyongeza inayolingana kabisa na bei ya soko huweza kuanguka kwa notisi mbovu, na nyongeza ya kupindukia huweza kusimama kwa vile tu mpangaji alinyamaza.

Hakikisha kwanza kwamba upangaji wako ni wa aina inayolindwa. Maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula ziko chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, sheria iliyotungwa mwaka 1965, na maana ya duka humo ni pana: ni mahali panapotumiwa hasa kwa biashara ya jumla au rejareja, au kwa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo kinyozi, fundi cherehani na mwenye saluni wote wamo. Upangaji unaolindwa ni ule ambao haukuandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au wenye kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 bila ya upande wowote kukiuka masharti. Wapo wanaoona haya kusema kwamba hawana mkataba wa maandishi, kana kwamba ni kosa lao. Ukweli ni kwamba hapa kukosa karatasi ndiko kunakowaingiza chini ya ulinzi. Mkataba wa miaka 5 na miezi 3, kwa upande mwingine, haukupangwa ovyo. Miezi ile mitatu ndiyo inayomtoa mpangaji nje, na aliyeutia saini bila kifungu cha kuuvunja mapema atalazimika kusoma upya kile unachosema kuhusu nyongeza, maana sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata haitamhusu.

Nyumba za kuishi zina sheria yake, Sura ya 296, lakini ukomo wake ni kodi ya kawaida isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho wapangaji wengi wa mijini walikwisha kukivuka zamani. Hao hutegemea zaidi mkataba wao.

Ukishajua kwamba umo chini ya Sura ya 301, ichukue notisi uisome polepole. Mwenye jengo anayetaka kubadilisha sharti lolote kwa namna itakayomdhuru mpangaji, na kodi ni mojawapo, anatakiwa atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, inayojulikana kama Fomu A. Notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya kupita miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Ni lazima itaje sababu za kutaka mabadiliko, na ni lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, ndani ya mwezi 1, kama anakubali au anakataa. Hata namna ya kuifikisha imetajwa: apewe mpangaji mwenyewe mkononi, au mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wake wa mahali hapo, ama itumwe kwa posta ya rejista. Barua ya ajenti yenye mistari miwili na muhuri mkubwa haigeuki kuwa Fomu A kwa sababu ya muhuri, na tangazo lililobandikwa kwenye ngazi au agizo la mdomo la keateka, yaani msimamizi wa jengo, lina upungufu mkubwa zaidi.

Tarehe ndizo zitakazobeba shauri lako, kwa hiyo zitunze kuliko hasira. Andika siku uliyoipokea notisi juu ya nakala yake siku hiyohiyo, mbele ya shahidi ikiwezekana, na usiitupe bahasha yenye alama ya posta. Hesabu huanza siku ya kupokea, wala si siku iliyochapwa juu ya barua. Notisi iliyoandikwa tarehe 1 Machi lakini ikakufikia tarehe 12 Machi haiwezi kupandisha kodi tarehe 1 Mei. Mapema kabisa ni tarehe 12 Mei. Kwa mfano huohuo, jibu lako la kukataa linapaswa kumfikia mwenye jengo kabla ya tarehe 12 Aprili, na shauri lako liwe limefikishwa mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, ambalo wafanyabiashara hulitaja kwa herufi zake nne, BPRT, kabla ya siku ambayo notisi inadai kuanza kazi. Ukilifikisha kwa wakati, notisi husimama hadi baraza litakapoamua. Ukikaa kimya, huanza kufanya kazi yenyewe, na baraza likiona kwamba haikuwa na kasoro, huna tena pa kushika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoshauri kwamba notisi yenye kasoro ipuuzwe kwa kuwa ni batili. Batili kwa macho ya nani? Mpaka anayeamua aseme hivyo, hayo ni maoni yako tu. Jibu kwa barua fupi, ya heshima, inayosema kwamba hukubali nyongeza, ueleze kasoro uliyoiona, na useme kwamba utaendelea kulipa kodi ya sasa. Peleka nakala mbili na uombe moja itiwe saini na tarehe ya kupokelewa. Palipokosekana notisi kabisa, mlango uliopo ni kuwasilisha lalamiko mbele ya baraza hilohilo.

Na kodi ya sasa uilipe kweli. Hapa ndipo wapangaji wenye haki zote hujikwaa, kwa sababu huona kwamba kuzuia kodi ni njia ya kumbana mwenye jengo. Sheria hiyohiyo inahesabu kuchelewesha kodi kwa miezi 2 tangu ilipostahili kulipwa, au kuichelewesha mara kwa mara, kuwa sababu halali ya kuomba mpangaji aondolewe, na deni la kodi linaweza kumleta dalali mlangoni kukamata bidhaa. Lipa siku ileile unayolipa kila mwezi, kupitia benki au M-Pesa, ukihifadhi ujumbe wa malipo. Mwenye jengo akizirudisha pesa hizo, hifadhi pia ushahidi wa kuzirudisha, mwandikie kwamba ziko tayari, na uliombe baraza likuelekeze mahali pa kuziweka. Wala usilipe kiwango kipya hata mwezi mmoja "ili mambo yatulie", kwa maana utakuwa umempa hoja kwamba ulikwisha kukubali.

Kuhusu ushahidi mwingine, tafuta kitabu cha kodi, ambacho sheria inamtaka mwenye jengo akitunze na kukupa nakala. Kama hakuna, taarifa ya M-Pesa ya miaka iliyopita na risiti zilizopangwa kwa mfuatano zitaeleza historia ya kodi yako. Piga picha za duka lilivyo, hasa paa linalovuja, choo kisichofanya kazi na matengenezo uliyoyagharamia mwenyewe. Uliza kodi za maduka ya ukubwa kama wako mtaani humo, kwa sababu baraza likifika kwenye swali la kiasi, ulinganisho huo ndio utakaozungumzwa, mara nyingi kupitia ripoti ya mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya majengo na kodi, wa kila upande. Mthamini ana gharama, na kwa kibanda cha shilingi 8,000 huenda gharama hiyo ikazidi faida. Wapangaji wa jengo moja wenye shida moja hufanya vyema kuichangia.

Jiandae pia kwa jambo ambalo wengi hulisahau wakishashinda: notisi kuanguka kwa kasoro hakumzuii mwenye jengo kurudi na nyingine iliyojazwa sawasawa. Muda ulioupata utumie kukusanya ulinganisho wa kodi, na kama mnaweza kuafikiana kiwango cha kati, afadhali makubaliano hayo yaandikwe, yataje tarehe ya kuanza, yatiwe saini na pande zote mbili na, ikiwa shauri limekwisha kufunguliwa, yawasilishwe mbele ya baraza yawe amri. Upande usioridhika na uamuzi wa baraza una siku 30 za kukata rufaa, ambayo siku hizi husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.