Si kila uchafu ni fangasi: somo la maradhi ya njia ya uzazi

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Somo la leo ni la sehemu za siri. Anayeona haya na ajifungie chumbani asome peke yake, mradi asome.

Nianze na linalonikera. Hapa Malindi mwanamke akitokwa na uchafu ukeni huambiwa moja kati ya mawili. Ama "hiyo ni fangasi", akauziwa vidonge vya kuweka bila kuulizwa lolote, ama "umeletewa na mumeo", na nyumba ikawaka moto usiku huohuo. Maradhi ya njia ya uzazi ni mengi, na mengine hayahusiani kabisa na kulala na mtu.

Hatua ya 1: Jua hali yako ya kawaida. Uke una majimaji yake. Katikati ya mwezi huvutika kama ute wa yai, na siku nyingine huwa meupe na mazito kidogo. Yasipowasha wala kunuka vibaya, achana nayo.

Hatua ya 2: Angalia rangi, harufu na muwasho. Mazito meupe kama maziwa yaliyoganda, na muwasho usiokupa usingizi, mara nyingi ni fangasi. Huja ukiwa mjamzito, ukiwa na kisukari, au baada ya kumeza antibiotiki. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, ni bakteria wa uke waliopoteza mizani. Hayo si ya zinaa. Ya kijani au manjano yenye povu na muwasho yaelekea kuwa trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana. Kisonono na klamidia, nayo ya zinaa, ndio wajanja: mwanamke anaweza kukaa nazo miezi bila dalili yoyote, huku mirija ya uzazi ikiharibika.

Macho peke yake hudanganya, hata ya muuguzi. Ikiwa hujawahi kupata tatizo hili, au limerudi baada ya dawa, nenda upimwe.

Hatua ya 3: Jiulize umeoga maji gani. Hapa ndipo ninapotaka mtulie, maana hili husahauliwa hata kliniki. Kichocho hakiishii kwenye kibofu. Minyoo yake hutaga mayai ambayo hunasa pia kwenye shingo ya kizazi na kuta za uke. Hapo hufanya vidonda vyenye chembechembe kama mchanga, vinavyotoa damu vikiguswa. Mwanamke hutokwa na uchafu, huumia wakati wa tendo, huona damu isiyo ya hedhi, na wengine hukosa kushika mimba. Akienda kutibiwa hupewa dawa za zinaa, hapati nafuu, na mume huanza kumshuku. Vidonda hivyo pia hurahisisha virusi vya UKIMWI kuingia.

Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia: mabwawa, mashimo ya maji, madimbwi yanayobaki kandokando ya mto Sabaki. Vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, uwe unafua, unachota au unaogelea. Baharini havipo, kwa hivyo watoto wa ufuoni msiwatishe bure. Lakini kama ulikulia upande wa Magarini au pembezoni mwa mto, mwambie daktari bila kungoja akuulize, hata kama ni miaka mingi tangu uhamie mjini.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 humeza tembe nne za miligramu 600, baada ya chakula ili isimsumbue sana. Minyoo hufa, ila mayai yaliyokwisha kunasa hayatoki siku hiyo, kwa hivyo vidonda huweza kuchelewa kupona. Na ukirudi kwenye bwawa lilelile utaambukizwa tena.

Hatua ya 4: Yapo yasiyongoja kesho. Maumivu makali chini ya kitovu pamoja na homa. Maumivu ya tumbo ilhali hedhi imechelewa, hasa ukisikia kizunguzungu au kuzimia, maana huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Uchafu unaonuka na homa baada ya kuzaa au mimba kutoka. Kwa mwanamume, korodani iliyoanza kuuma ghafla. Panda hata bodaboda, uende hospitali sasa hivi.

Hatua ya 5: Kliniki. Usijisafishe ndani kabla ya kwenda. Utaulizwa kuhusu hedhi, mimba na mwenza, kisha utaangaliwa kwa kifaa kinachofungua uke, na majimaji kidogo huchukuliwa kwenda maabara. Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke, au mtu wako asimame kando. Omba na kipimo cha kaswende na cha virusi vya UKIMWI. Kidonda cha kaswende hakiumi na hupotea chenyewe, lakini ugonjwa hubaki mwilini. Ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Hatua ya 6: Dawa. Fangasi hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku. Bakteria wa uke na trikomona kwa metronidazoli, ile wengi wanayoiita Flagyl, kwa kawaida miligramu 400 asubuhi na jioni kwa siku 7. Klamidia kwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, pia siku 7, lakini si kwa mjamzito. Kisonono siku hizi hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni. Siprofloksasini za kununua mbili tatu dukani kimezizoea, utapoteza pesa tu. Na usigawane dozi na mwenzio. Nusu dozi kwa kila mtu haimponyi yeyote.

MASWALI YA WANACHAMA

*Sista, mimi hujifukiza udi na kutumia shabu ndipo nibane. Kuna ubaya?*
Udi fukiza nguo na nywele, mpenzi, chumba kinukie. Shabu ukeni acha. Hukausha na kuchubua, na pa kuchubuka ndipo maradhi yanapoingilia. Limau, dettoli na sabuni za manukato vivyo hivyo. Maji matupu, tena kwa nje, yatosha.

*Nimeandikiwa doksisaiklini na Ramadhani imeingia. Nifanyeje?*
Dawa za mara mbili zinaingia vizuri: moja kwa futari, moja kwa daku. Angalizo la daku ni hili: imeze kwa bilauri nzima ya maji, usirudi kulala papo hapo. Kaa wima angalau nusu saa, la sivyo itakwama na kukuchoma koo. Klotrimazoli weka usiku. Kuhusu hukumu ya funga kwa mgonjwa, muulize sheikh wako.

*Mume wangu amekataa kupimwa. Asema haumwi chochote.*
Mama, kwa fangasi na bakteria wa uke mwache, halazimiki. Kwa trikomona, klamidia, kisonono na kaswende lazima atibiwe, maana wanaume wengi hubeba bila kuhisi lolote. Usimwambie "umeniletea". Mwambie "daktari amesema dawa yangu haifanyi kazi mpaka na wewe umeze". Omba kliniki barua yake aende peke yake. Hadi amalize, kondomu au mjizuie.

*Mimi ni mvuvi wa Shela. Natoka usaha na kukojoa kunachoma. Nimepewa sindano na doksisaiklini. Naweza kwenda baharini?*
Waweza, kaka, ila dawa hiyo huifanya ngozi iungue na jua upesi. Vaa mikono mirefu na kofia. Bibi naye aje atibiwe. Usaha ukiendelea baada ya kumaliza dozi, rudi, usinunue nyingine.

*Binti yangu ana miaka 14, twakaa karibu na Sabaki. Nimeona damu kwenye chupi na si siku zake, na anawashwa. Aapa hajajua mwanamume. Nimpeleke akapimwe ubikira?*
Hapana, mama. Kipimo hicho hakitibu kitu, na kitamvunja moyo mtoto. Mpeleke apimwe mkojo wa kichocho. Mkojo mzuri kwa kipimo hicho ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, kwa hivyo asikojoe nyumbani akaja mikono mitupu. Mayai yasipoonekana bado inaweza kuwa kichocho, mwelezeni daktari kwamba anachota maji bwawani. Na apewe nafasi ya kuzungumza na muuguzi peke yake, wewe ukiwa nje, maana kama kuna mtu amemgusa kwa nguvu huenda akashindwa kulisema mbele yako.