Kuthibitisha ubatizo kwa jina jipya katika Kanisa la Uingereza

Aliyebatizwa utotoni kwa jina la kiume, na leo anaishi kama mwanamke, habatizwi tena. Ubatizo ni mmoja. Ukimwomba kasisi ubatizo wa pili atakataa, na wengi huondoka hapo wakiamini wamekataliwa wao wenyewe. Omba ibada ya kuthibitisha imani ya ubatizo. Sinodi Kuu, yaani baraza kuu la Kanisa hilo, ilipiga kura ya kuwakaribisha watu transjenda Julai 2017, na Desemba 2018 maaskofu wakatoa mwongozo wa kuitumia ibada hiyo kwa ajili yao. Asiyebatizwa kabisa, yeye hubatizwa tu, kwa jina analoishi nalo.

Mwongozo haumlazimishi kasisi, kwa hiyo tafuta parokia kwanza. Mtandao wa Inclusive Church (makanisa yanayowapokea watu wote), ulioanza 2003, una orodha ya makanisa yaliyojiunga. Bango la "karibuni nyote" halitoshi. Andika barua pepe uulize: naweza kusoma somo? Kuhudumu altareni? Kuchaguliwa katika baraza la parokia? Ukijibiwa yote kwa kuzungushwa, endelea kutafuta. Na usimshike kasisi mlangoni Jumapili. Nyuma yako kuna foleni, na habari zako zitasikiwa na wasiohusika.

Siku yenyewe utaulizwa kama umebatizwa, na kama uko tayari kuikiri imani kwa kinywa chako na kwa moyo wako. Kuhusu mwili wako huulizwi neno. Kisha yanakuja maji: unachovya vidole na kujipiga ishara ya msalaba, au kasisi ananyunyiza. Jina lako linatamkwa mbele ya wote, na hapa ndipo mambo huharibika. Mwingereza akiona Neema husoma "Nima". Msomee, naye arudie mpaka alitamke sawasawa. Kagua pia karatasi za ibada kabla hazijachapwa, kwani jina la zamani huwa limebaki kwenye orodha ya ofisi. Shangazi akija, mweleze mapema akuiteje. Kwenye chai baada ya ibada ndipo ulimi huteleza.

Uliza kuhusu kamera. Makanisa mengi hurusha ibada moja kwa moja mtandaoni, na kama nyumbani Kampala au Mombasa hawajui, hili si jambo dogo. Omba izimwe, na upate jibu kwa maandishi.

Kitabu cha ubatizo hakitabadilishwa, maana kinashuhudia kilichotendeka siku ile. Omba cheti cha ibada hii kwa jina lako jipya, na Biblia iliyoandikwa jina hilo ukurasa wa mbele. Mwongozo wenyewe unaruhusu.