Jinsi ya kuomba kibali cha kuweka mabango ya kampeni mjini

Mabango mengi ya kampeni yanayong'olewa na askari wa jiji hayaponzwi na maneno yaliyoandikwa juu yake. Yanaponzwa na mahali yaliposimama, na tarehe iliyokwisha kupita, au na kukosa mtu wa kupigiwa simu. Fomu ya maombi, hata iwe na kurasa nyingi kiasi gani, inauliza mambo hayo matatu tu: ardhi hii ni ya nani, bango litakaa mpaka lini, na nani atawajibika. Ukifika dirishani na majibu mkononi, kazi iliyobaki ni ya mihuri.

Kabla ya yote, usichape. Kampeni nyingi hukimbilia kiwanda cha uchapaji siku ileile mgombea anapoteuliwa, kisha zinagundua kwamba ukubwa waliochapa haukubaliwi kwenye makazi. Chapa moja la mfano, uende nalo ofisini, mengine yasubiri.

Soma sheria ndogo yenyewe

Tume ya uchaguzi hupanga ratiba ya kampeni. Ukubwa wa bango, kimo chake na mahali pa kulisimamisha mara nyingi huamuliwa na sheria ndogo za jiji. Omba nakala kwa afisa mipango miji au uitafute kwenye tovuti ya jiji, halafu hakikisha ni toleo linalotumika sasa. Usitegemee ulichoambiwa na kampeni ya uchaguzi uliopita.

Usitegemee pia kanuni za mahali pengine, maana zinatofautiana sana. Ireland inaruhusu mabango ya uchaguzi kwa muda usiozidi siku 30 kabla ya kura, na yote yawe yameondolewa ndani ya siku 7 baada yake. Uingereza haidai kibali cha mipango miji kwa bango la uchaguzi ulio karibu, ila mwenye eneo awe ameridhia, na bango liondoke ndani ya siku 14 baada ya kura. Majirani wawili, na mmoja anatoa muda wa kusafisha mara mbili ya ule wa mwenzake.

Jambo jingine ni barabara kuu inayopita katikati ya mji. Mara nyingi iko chini ya wakala wa barabara wa taifa au wa jimbo, na kibali cha jiji hakifiki huko. Hapo utaomba mara mbili.

Tembea, uandike kila eneo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chukua ramani, pita mtaa kwa mtaa, kila eneo lipe namba na picha.

Ukanda wa nyasi ulio mbele ya nyumba ndio unaowachanganya wengi. Mwenye nyumba ndiye anayeufyeka, kwa hiyo anaamini ni wake na anakuruhusu kwa moyo mweupe. Kwenye ramani ya upimaji, ukanda huo mara nyingi ni hifadhi ya barabara. Ukiona mfuniko wa mfereji, nguzo ya taa au mita ya maji, chukulia kwamba mpaka wa kiwanja uko nyuma ya vitu hivyo hadi uthibitishiwe vinginevyo. Rudisha bango ndani ya uzio na ugomvi umekwisha.

Nguzo za umeme na simu ziache kabisa, isipokuwa sheria ya mahali ulipo inaziruhusu waziwazi. Fundi anayepanda na mikanda yake hukwama kwenye misumari na waya mlizoacha. Miti ya barabarani nayo iache, pamoja na alama za barabarani, hata ile ambayo rangi yake imefutika.

Kwenye kona, fanya jaribio hili. Simama pale dereva anapotakiwa kusimama, chuchumaa mpaka macho yako yawe kwenye kimo cha aliyekaa ndani ya gari dogo, yaani mita moja na ushee. Mwenzako ashike bango pale mnapotaka kuliweka. Kama baiskeli inayokuja inapotea nyuma yake hata kwa sekunde chache, eneo hilo halifai, na mkaguzi akija na tepu yake ataona kama ulivyoona wewe.

Pima pia umbali kutoka vituo vya kupigia kura. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali sheria ya Tennessee iliyopiga marufuku kampeni ndani ya futi 100, karibu mita 30, kutoka mlango wa kituo. Kwako umbali unaweza kuwa mwingine, lakini usiweke bango pembezoni mwa kituo kabla hujaujua.

Pata ridhaa kwa maandishi

Neno la mdomo halitoshi, na la mpangaji halitoshi pia pale mwenye jengo yupo. Karatasi yenyewe haihitaji ufundi:

"Mimi, mmiliki wa kiwanja namba ____, naridhia bango moja la ukubwa wa ____ liwekwe ndani ya mpaka wa kiwanja changu kuanzia tarehe ____ hadi ____. Litaondolewa na ____, simu ____. Naweza kufuta ridhaa hii kwa maandishi wakati wowote."

Sentensi ya mwisho msiifute. Mwenye kiwanja anayejua anaweza kubadili mawazo husaini haraka zaidi.

Panga jalada na uliwasilishe

Jiji litataka fomu iliyojazwa, uthibitisho wa uteuzi wa mgombea, mchoro wa bango wenye vipimo, ramani ya maeneo, barua za ridhaa, na jina la mtu mmoja wa kuwajibika. Weka mtu anayepokea simu. Meneja wa kampeni siku za mwisho hapokei. Kuna miji inayodai dhamana ya fedha au bima kwa mabango makubwa. Angalia pia kama bango linatakiwa kubeba jina na anwani ya mchapaji au aliyelitoa, kama ilivyo Ireland na Uingereza. Maandishi hayo madogo ya chini ndiyo wabunifu hupenda kuyafuta ili picha ipumue.

Maeneo yote yaingie kwenye ombi moja kama fomu inaruhusu, kila moja na namba yake, na barua yako ya maombi iombe kila eneo liamuliwe peke yake. La sivyo kona moja yenye utata itazuia mengine yote. Usiondoke bila stakabadhi yenye tarehe na namba ya jalada.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu kilichotumika, kisha uangalie siku za kukata rufaa, kwa kuwa huwa chache. Tofautisha kukataliwa kwa sababu ya mahali na ukubwa na kukataliwa kwa sababu ya ujumbe. Mji wa Gilbert, Arizona, uliruhusu mabango ya kisiasa hadi futi za mraba 32, huku mabango ya muda ya kuelekeza watu kwenye ibada yakibanwa kwenye futi za mraba 6. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha kanuni hiyo kwa sababu ilitofautisha mabango kwa maudhui yake. Uamuzi huo unabana huko tu, lakini kuuliza kama chama kingine kimepewa kibali kwa bango la ukubwa uleule ni swali halali mahali popote.

Baada ya kibali

Piga picha kila bango likishasimama, na timu ya uwekaji itembee na nakala ya kibali. La kwenu likichanwa, toeni taarifa kwa namba ya eneo. La mpinzani likiwa limewekwa vibaya, msiliguse, ripotini.

Siku ya kuondoa, pangeni watu kabla ya matokeo, kwa sababu walioshindwa hawatokei na walioshinda wako kwenye sherehe. Ondoeni na vigingi, kamba na misumari, fukieni mashimo, kisha pelekeni picha za maeneo yaliyosafishwa pamoja na stakabadhi mdai dhamana yenu. Uchaguzi ukienda duru ya pili, ombeni nyongeza ya muda kabla kibali cha kwanza hakijaisha, na muitaje namba ileile ya jalada.