Kuuza stempu na sarafu kuukuu mtandaoni ukiwa Lamu

Ami yangu aliacha unahodha zamani, ila macho yake bado yako baharini. Alasiri moja nilikuwa barazani kwetu Langoni na kioo changu cha kukuzia, nachambua stempu za senti 5 za mwaka 1935: Kenya, Uganda na Tanganyika, kichwa cha Mfalme George wa Tano, na chombo kinakata maji Ziwa Victoria. Akaomba kioo. Akatazama moja, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Aliyechora hii hajui alitakalo," akasema. "Hapa kamba imefika kwenye tanga. Hapa imekatika njiani. Hiki chombo cha pili, upepo ukija, tanga linakwenda zake."

Nilikuwa nimeshauza kiasi cha ishirini za namna ile, zote bei moja, bila kuzitazama. Usiku nikaingia kwenye katalogi, nikakuta wakusanyaji wanajua tangu zamani kuwa chapa ni mbili, kamba iliyogusa tanga na isiyogusa, na bei zake haziko pamoja. Ishirini zile zimekwenda. Aliyezinunua kwa mkupuo hakuniuliza swali hata moja, na sasa najua kwa nini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila anayenijia kutaka kujifunza huuliza jambo lilelile: nitashindana vipi na watu wa Ujerumani na Uingereza wenye vitu elfu kumi kwenye ukurasa wao wa eBay au Delcampe, masoko ya mtandaoni? Kwa bei, huwawezi. Wao hununua stempu kwa kilo kama sukari, na wanaweza kuuza kitu kwa pesa ambayo kwako hailipi hata bahasha. Lakini anayenunua kwa kilo hana muda wa kutazama kamba. Wewe una stempu mia mbili na alasiri nzima. Simama hapo.

Mimi niliachiwa na marehemu baba mikebe mitatu ya biskuti iliyojaa bahasha. Ikiwa huna mikebe, uliza kwa wazee, maduka ya zamani, wanaovunja makabati. Na ukipata, tazama kwanza muhuri wa posta, kisha ndiyo stempu. Stempu nyingi za enzi za Mfalme George wa Sita ziko tele, hazina bei. Lakini wapo watu, na si wachache, wanaokusanya mihuri ya posta ndogondogo: ule wa duara uliokaa vizuri, jina na tarehe vinasomeka, Lamu, Malindi, Kipini. Muuzaji wa Ulaya ataiandika stempu hiyo "imetumika" akaendelea na nyingine, maana Kipini kwake ni herufi sita tu. Wewe unajua ni pale Mto Tana unapoingia baharini, na unaweza kumwambia mnunuzi hivyo kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo inayomfanya arudi.

Kwa hivyo usiloweke bahasha kwenye maji kubandua stempu. Najua ndivyo tulivyofundishwa utotoni. Ukibandua, muhuri unabaki nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi uliyotupa. Acha bahasha nzima, pamoja na anwani na mihuri ya nyuma. Ila soma kilichomo ndani kabla ya kuuza. Katika mkebe wa pili nilikuta barua ya talaka ya watu ambao wajukuu wao nawaamkia kila siku Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Hiyo nimeiweka kando na haitauzwa.

Mtu akikuletea bahasha ya posta ya Wajerumani, tulia. Ni kweli walikuwa na ofisi ya posta hapa kuanzia 1888 hadi 1891, wakitumia stempu za kwao, na jengo lenyewe sasa ni makumbusho, nenda ukaone. Kwa sababu vitu hivyo ni adimu, mihuri ya uongo imegongwa mingi. Bila cheti cha mjuzi anayetambulika, usiandike "halisi". Ukikosea mara moja, wakusanyaji wa fani hiyo wanajuana kama watu wa mtaa mmoja.

Sarafu ni shule nyingine, na ada yake nimelipa. Nilipata shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924, ile yenye simba na milima nyuma yake. Ilikuwa nyeusi. Nikafanya kama tunavyofanya vikuku na sinia: ndimu, jivu, kitambaa, sugua. Ikang'aa nikafurahi. Mnunuzi akaniandikia kwa adabu kwamba picha inaonyesha imesuguliwa, na kwamba weusi ule ndio alioutaka. Shilingi zile zina robo tu ya fedha, sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba, ndiyo maana ukisugua hutoka rangi ya ajabu kama ya samaki aliyelala. Mikwaruzo ya jivu haifutiki. Sasa sarafu ikija na mchanga naiosha kwa maji safi, naikausha kwa kuigusagusa na kitambaa laini, basi. Ndimu ibaki jikoni.

Kosa la pili ni kujipigia zumari. Tazama senti 10 za 1936, zenye tundu katikati na jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka, alijiuzulu Desemba 1936, kwa hivyo kila mwenye nayo huandika "adimu sana" kwa herufi kubwa. Si adimu. Zilipigwa kwa wingi, na wanaozikusanya wanajua. Wao watakuuliza kuna herufi gani ndogo: H, au KN, au hakuna kitu, maana hizo ni alama za viwanda vilivyozipiga. Andika herufi hiyo, pima uzito kwa mizani ya sonara, weka bei ya haki. Utauza kabla ya huyo wa herufi kubwa. Kwa kutambua aina na uzito wa sarafu, tovuti ya Numista haina malipo na inatosha kabisa kuanzia.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kisiwa chetu kimejaa vitu ambavyo havifai kuuzwa nje. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Hakitoki nchini bila kibali. Kwa hivyo pesa za shaba za Mombasa za 1888, zile za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, usizitie kwenye bahasha ukazipeleka Posta kimyakimya. Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, nayo ina mtego wake: karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, kwa hivyo tarehe haikuambii umri. Ipeleke Makumbusho ya Lamu waitazame kabla hujaipiga picha. Milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946 zimelindwa pia. Vigae vya kaure vinavyookotwa ufukweni na kwenye magofu, viache vilipo. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, hata kama ni kitana cha bibi yako, usithubutu.

Sasa bei. Usitazame bei wanazoomba wauzaji, maana kuomba hakuna gharama. eBay ina kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kiwashe, tafuta kitu kama chako, hali kama yake, uone watu walilipa ngapi. Bei ya katalogi ni ya kulinganisha tu, mara nyingi mauzo huwa chini yake sana. Kisha piga hesabu kabla ya kuweka tangazo. Tuseme bahasha umeiuza dola 8 na mnunuzi amelipa dola 4 za posta. Soko likikata asilimia 13 ya jumla, pamoja na hizo za posta, dola 1.56 zimekwenda. Posta yenyewe imekula 4. Umebaki na 6.44, na bado kuna makato ya kubadilisha dola hadi ifike M-Pesa, na kadibodi, na bahasha. Kama ulinunua kwa shilingi 700, umefanya kazi bure. Ndiyo sababu vitu vidogo vya bei ya chini naviuza kwa fungu: stempu kumi za mji mmoja, au sarafu za tundu za mfalme mmoja zikiwa pamoja.

Mnada unavutia, lakini mnada bila watu ni kugawa mali. Mgeni asiye na wafuasi aweke bei kamili na aruhusu mnunuzi kutoa ofa. Mimi mnada nautumia tu kwa kitu ambacho najua angalau watu wawili wanakitaka, na naupanga uishe Jumapili saa tatu usiku ya Ujerumani. Huku kwetu ni saa nne usiku wakati wa joto lao, saa tano wakati wa baridi yao.

Picha napiga asubuhi barazani, kivulini, jua lisiangukie kitu. Nyuma naweka karatasi ya kijivu, pembeni rula. Piga mbele na nyuma, na kasoro uipige karibu zaidi. Katika maelezo kasoro itangulie: "Jino moja la ukingo wa stempu limekatika kushoto juu. Madoa mawili ya unyevu nyuma. Muhuri umekaa kamili, Lamu, tarehe inasomeka. Bahasha ilipelekwa duka la vitambaa la barabara kuu, ambalo leo linauza simu." Naandika kwa Kiingereza, kwa sababu wanaotafuta huandika KUT (yaani Kenya, Uganda na Tanganyika) na British East Africa, lakini mpangilio ni huo. Mnunuzi akiona umemwonyesha jino lililokatika, anaamini na hayo mengine.

Unyevu wa Lamu ni adui kuliko mshindani yeyote. Stempu mpya zenye gundi hushikana zenyewe kwenye mkebe. Vifuko laini vya plastiki huacha ute wa kijani kwenye sarafu. Tumia vifuniko vya kadibodi vyenye dirisha, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Mwenye duka la viatu jirani yangu ananiwekea.

Akaunti mpya huwekewa kikomo cha mauzo, na fedha zinaweza kuzuiliwa siku kadhaa. Usipigane nayo. Nunua kwanza vitu vidogo viwili vitatu upate maoni mazuri, kisha uza cha dola tano kabla ya cha dola hamsini.

Mwisho ni Posta. Barua zangu zinavuka kwenda Mokowe ndipo zishike barabara, kwa hivyo kwenye tangazo naandika wiki tatu hadi sita na sipunguzi ili kumfurahisha mtu. Kila kitu kinakwenda kwa rejista, ile yenye namba ya kufuatilia inayoishia na KE. Mwaka wa kwanza nilituma kwa barua ya kawaida kuokoa shilingi chache, mnunuzi akasema hakupokea, sikuwa na namba, soko likamrudishia pesa zake. Huenda alisema kweli, sikuwa na njia ya kujua. Sarafu na noti zina masharti yake katika barua za nje, uliza kaunta kabla ya kufunga. Kwa Marekani uliza mara mbili: tangu 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa, na posta za nchi nyingi zilisimamisha huduma kwa muda. Kwa Uingereza na Umoja wa Ulaya, kodi ya vifurushi vidogo soko humtoza mnunuzi moja kwa moja, wewe andika tu namba wanayokupa juu ya kifurushi.

Fomu ya forodha ijaze kweli: stempu zilizotumika, za kukusanywa, na bei halisi uliyouza. Kila baada ya miezi hutokea mnunuzi wa kuniomba niandike "zawadi, dola 1". Namjibu kwamba kikipotea, fidia itakuwa ya dola 1. Wengi huishia hapo.