Kuchuja rekodi usizozitaka kwenye Access bila kumeza unazozitaka

Hii ni kwa sisi tunaoshika hesabu za manunuzi ya mazao kwenye Microsoft Access, ila mantiki yenyewe ni ileile hata ukihamia databesi nyingine. Mfano wangu ni viazi vya huku Mbeya: jedwali linaitwa Manunuzi, lina safu za Tarehe, Kituo, Magunia na Maelezo.

Hatua ya 1. Fungua Create, kisha Query Design, lete jedwali, halafu vuta safu unazozitaka chini. Utaona mstari wa Criteria na chini yake mwingine wa Or. Vigezo vyote vinaandikwa hapo.

Hatua ya 2. Kutoa kituo kimoja ni rahisi, chini ya Kituo andika:

<>"Isyonje"

Alama hiyo ya mwanzo maana yake "si sawa na". Herufi kubwa au ndogo Access haijali. Sasa ukitaka kutoa viwili, mtu anaandika <>"Isyonje" Or <>"Makambako", anashangaa mbona vyote bado vipo! Ni kwamba rekodi ya Isyonje sio ya Makambako kwahiyo kigezo cha pili kinaipitisha, na ya Makambako inapitishwa na cha kwanza. Hapo inatakiwa And, au andika hivi tu yaishe:

Not In ("Isyonje","Makambako")

Hatua ya 3, na hapa twende taratibu. Tuseme kuna rekodi za kujaribia mfumo, kwenye Maelezo zimeandikwa "jaribio", unataka zitoke. Unaandika (nyota ni maandishi yoyote yaliyo kabla au baada):

Not Like "*jaribio*"

Unarun, zimetoka kweli, lakini na manunuzi halali karibu yote yamepotea, maana nani anajaza Maelezo siku ya mzigo, labda gunia liwe lumbesa, yaani limejazwa kupita kiasi, ndo mtu anaandika kalalamiko kake. Kisanduku kitupu kwa Access ni Null, yaani haijulikani, na kitu kisichojulikana ukikiuliza "wewe sio jaribio?" hakijibu ndiyo wala hapana, na kwiri (query) inachukua waliojibu ndiyo tu. Haitoi eror yoyote, ndo ubaya wake. Dawa:

Not Like "*jaribio*" Or Is Null

Na uiandike yote ndani ya kisanduku kimoja, usiipeleke Is Null kwenye mstari wa Or wa chini, kwa sababu mstari wa chini unajitegemea, haubebi kile kigezo chako cha Kituo, kwahiyo Isyonje wenye Maelezo matupu watarudi kimyakimya. Hata <> na Not In za hatua ya 2 zinatupa visanduku vitupu hivyohivyo, kama Kituo kuna mahali hakijajazwa angalia.

Hatua ya 4. Tarehe. Between #2025-04-01# And #2025-06-30# inafaa kama umehifadhi tarehe tupu. Kama fomu inajaza na saa, mzigo ulioingia tarehe 30 mchana hautaonekana, maana hiyo 30 inasomwa kama saa sita usiku inapoanza. Mimi natumia hii siku zote:

>=#2025-04-01# And <#2025-07-01#

Hatua ya 5. Hakiki kabla hujampelekea bosi. Tengeneza kwiri ya pili yenye kinyume chake, yaani kwenye Maelezo weka Like "*jaribio*" na vigezo vingine viache vilevile, angalia namba ya rekodi pale chini ya dirisha. Zilizobaki ukijumlisha na zilizotoka lazima zilingane na idadi unayoipata bila kigezo cha Maelezo, zikipungua kuna Null zimeliwa mahali. Hii usiiruke hata kama mnunuzi anapiga simu yuko Uyole anasubiri ripoti.

Hatua ya 6, kwa anayetaka kuzifuta kabisa zile za jaribio. Run kwanza ile kwiri ya Like "*jaribio*" kama Select Query, zisome kwa macho, ndo ubadilishe kuwa Delete Query. Ukishabonyeza Yes hakuna Undo, kwahiyo kopi faili zima pembeni kwanza.